Daktari wa Mgonjwa Asiyesema
Paka jike wa miezi sita, mpole wa kulala mapajani, ghafla anagalagala sakafuni, analia usiku kucha, anainua kiuno. Jirani atasema kapagawa. Daktari wa mifugo huuliza umri, humpapasa tumbo, kisha hutabasamu: binti amebalehe, yuko kwenye joto.

Nawapongeza madaktari hawa wa mifugo, waliosomea Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro au kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambao wengi wetu huwadhani ni wa ng'ombe na kuku tu. Mgonjwa wao hasemi panapouma, na paka ni hodari wa kuficha maumivu. Dume akichuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki, huenda njia imeziba. Hapo hakuna kungoja, maana siku mbili tatu zinatosha kumuua. Mpole akigeuka mkali na kuuma, daktari hufikiria pia kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake hakichagui mbwa peke yao. Tena ndio wanaotukataza kumpa paka parasetamo, dawa iliyojaa kabatini kwetu: kidonge kimoja tu huweza kumwua.