Jicho Linalosoma Mikono

Kuna kazi ambazo watu huzidharau kwa sababu tu kitu kinachofanyiwa kazi ni cha mchezo. Kutathmini sanamu za kuchezea ni mojawapo. Mtu mzima amekaa mezani, taa kaisogeza karibu, lenzi iko jichoni, na kilicho mkononi mwake ni kiumbe cha plastiki kinachoenea kiganjani. Anakigeuza, anakitega kwenye mwanga, anakigeuza tena. Anayepita hudhani ni utoto uliokawia. Mimi nadhani ni ustadi kamili, wenye elimu yake na maadili yake, nao unastahili kusifiwa kama tunavyousifu wa mchonga milango au wa mfua fedha. Nitausifu kwa kumfuata kiumbe mmoja tu: Wicket W. Warrick, sanamu iliyotolewa na kampuni ya Kenner ya Cincinnati, Marekani, mwaka 1984.

Wicket ni Ewok, mmoja wa watu wafupi wenye manyoya wanaoishi juu ya miti mikubwa katika Return of the Jedi, filamu ya mfululizo wa Star Wars iliyotoka Mei 1983. Ndani ya vazi lake alikuwamo mtoto wa miaka 11, Warwick Davis wa Uingereza. Kwanza sehemu hiyo ilikuwa ya mwigizaji Kenny Baker, lakini Baker akaugua, na mtoto akapewa nafasi. Davis amesimulia kwamba miondoko ya Wicket aliitoa kwa mbwa wa nyumbani kwao: kile kuinamisha kichwa upande anapoona kitu asichokielewa. Anayetaka kuitathmini sanamu sharti aanzie hapo, kwenye mwili hai uliotangulia plastiki, kwa sababu bila kuujua hawezi kusema kama mchongaji alifaulu au alishindwa.

Kenner nayo ina historia inayomfaa mtathmini. Filamu ya kwanza ya Star Wars ilipopata umaarufu mwaka 1977, kampuni haikuwa imejiandaa. Krismasi ya mwaka huo iliuza boksi lisilo na sanamu hata moja, likiwa na hati ya kumwezesha mtoto kutumiwa sanamu nne za kwanza zikishakuwa tayari. Sanamu zilipofika mwaka 1978 zilikuwa na kimo cha takriban sentimita 9.5, kidogo kuliko kilichozoeleka kwa sanamu za mashujaa wakati ule, ili chombo cha angani cha kuzibeba kiweze kutengenezwa kwa ukubwa ambao mzazi angeumudu. Uamuzi huo wa kibiashara ndio ulioweka mpaka wa sanaa. Kila uso, kila mkunjo wa nguo, ilibidi ukae ndani ya kimo hicho, na Ewok, aliye mfupi kuliko wenzake, akabaki na nafasi finyu zaidi.

Katika nafasi hiyo finyu mtathmini anatafuta mikono. Hilo ndilo ninalolishikilia kuhusu kazi hii: thamani ya sanamu kongwe ni jumla ya yale ambayo mikono mbalimbali imeitendea, na ustadi ni kuisoma mikono hiyo mmoja mmoja bila kuichanganya. Upo mkono uliochonga. Upo mkono uliocheza. Na upo mkono uliokuja baadaye, kutunza au kutengeneza au kudanganya. Bei hufuata nyuma ya usomaji huo. Anayeanza na bei hasomi chochote.

Mkono wa mchongaji ndio wa kwanza kusomwa. Manyoya ni mtihani mgumu katika uchongaji. Ni laini, huyumba, hupitisha mwanga. Plastiki ni ngumu, imetulia, na mwanga huuakisi. Mwaka 1983 Kenner ilikwepa mtihani huo kwa upande mmoja ilipouza Ewok wa kitambaa, akiwamo Wicket mwenyewe, ambao manyoya yao yalipapaswa kwa kiganja. Kwenye sanamu ya plastiki hapakuwa na pa kukwepea. Mchongaji alichimba mifereji, kisha rangi na kivuli vikaachiwa kazi iliyobaki. Kinachopaswa kuangaliwa ni mwelekeo wa mifereji hiyo. Je, inafuata mwili, ikishuka kutoka begani na kupinda kwenye tumbo, au imekwaruzwa tu ili nafasi ijae? Je, kina chake kinabadilika, au ni kimoja kichwani hadi miguuni? Na pale mkono unapoungana na bega, manyoya yanaendelea au yanakatika ghafla? Kalibu ya chuma haipendi maelezo ya kina kirefu, kwa kuwa kitu kilichopoa ndani yake lazima kitoke bila kung'ang'ania. Kwa hiyo mchongaji wa manyoya hujadiliana na mashine kila milimita. Mtathmini anayelijua hilo huacha kulalamika kwamba manyoya hayana urefu, akaanza kuona ni kiasi gani yaliponyoka.

Kisha huja swali la utambulisho: huyu ni Wicket yupi? Mwaka 1985 ilianza katuni ya televisheni iliyoitwa Ewoks, na Kenner ikatoa sanamu zake, Wicket akiwa miongoni mwao kwa umbo la katuni. Kwa hiyo kampuni ileile, katika kipindi cha miaka miwili, ilitoa Wicket wawili wa plastiki waliochongwa kwa nia tofauti. Mmoja anajaribu kuwa mnyama wa msituni. Mwingine anajaribu kuwa mchoro. Kumhukumu wa pili kwa vigezo vya wa kwanza ni kumdhulumu. Hapa ndipo maandishi madogo yaliyobonyezwa kwenye plastiki yanapofaa: haki miliki ya kampuni ya filamu ya Lucasfilm, mwaka, na mara nyingi mahali pa kutengenezwa, kama Hong Kong au Taiwan. Hata hayo yana mtego wake. Mwaka ulioandikwa ni wa haki miliki. Kiwanda kingeweza kuendelea kutumia kalibu ileile muda mrefu baadaye. Viwanda tofauti navyo vilitumia plastiki na rangi zisizolingana kabisa, na kuna wakusanyaji wanaotambua asili ya sanamu kwa rangi ya kahawia tu kabla hawajaigeuza kusoma.

Mkono wa pili ni wa mtoto, nao mimi huusoma kwa heshima. Rangi hukwanguka kwanza mahali palipochomoza: pua, ncha za masikio, ukingo wa vidole. Ukiona pua imekwisha rangi lakini mgongo ni mzima, umeona namna sanamu ilivyokuwa ikishikwa na ilivyokuwa ikiangushwa. Miguu iliyolegea, isiyoweza tena kuisimamisha sanamu, inasema iliketishwa na kusimamishwa mara nyingi sana. Mtathmini hupunguza alama kwa hayo yote, na ni sawa apunguze. Lakini anayaandika kwa jina lake halisi, kwamba ni uchakavu wa matumizi, na hayachanganyi na uharibifu. Kitu kilichochakaa kwa kufanya kazi iliyokusudiwa hakijatendewa ubaya wowote.

Pamoja na mtoto kuna kemia, inayofanya kazi hata sanamu ikiwa kabatini. Sehemu laini za sanamu hizi zimechanganywa na vilainishi ili zisiwe kavu na kuvunjika. Miaka inavyokwenda vilainishi hivyo husogea kuelekea nje, na plastiki ikatoa unyevu wenye kunata kama jasho, au ikafunikwa na ukungu mweupe usiotoka kwa kufuta mara moja. Mwanga wa jua nao huchuja rangi. Wicket ana kipimo chake cha ndani kwa jambo hili: kofia yake ya plastiki laini huvuliwa. Ukiivua, kichwa kilichokuwa kimefunikwa hukuonyesha rangi ilivyokuwa, na kifua kilichokuwa wazi hukuonyesha rangi ilivyogeuka. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo historia ya dirisha na rafu. Fundi wa kofia za mkono huigeuza kofia ndani nje kabla hajaisifia, kwa kuwa upande wa ndani ndio unaoeleza sindano ilikopita. Mtathmini wa Wicket hufanya vivyo hivyo, na kwa sababu ileile.

Mkono wa tatu ndio unaodai umakini mkubwa kuliko yote, maana mara nyingi umejificha kwa makusudi. Wicket aliuzwa na mkuki, na mkuki wa namna ile hupotea chini ya makochi na kwenye nyasi. Sanamu isiyo na mkuki wake hupungua bei, na mahali penye pengo la bei hutokea mtu wa kulijaza. Nakala za silaha hizi ndogo ziko tele. Wakusanyaji wana jaribio mashuhuri la kuzitambua: silaha nyingi za asili za Kenner huelea majini, ilhali nakala nyingi huzama. Sababu yake ni ya kifizikia. Polithini ni nyepesi kuliko maji. PVC na plastiki nyingine zinazopendwa na waigaji ni nzito kuliko maji. Ni jaribio zuri, lakini si hukumu. Ziko silaha halali zinazozama, na mwigaji mwerevu anaweza kuchagua plastiki inayoelea. Kwa hiyo mtathmini haishii kwenye bakuli la maji. Anatazama mshono ulioachwa na nusu mbili za kalibu, anatazama kama kingo ni kali au zimelainika kama za kitu kilichonakiliwa kutoka kwenye kitu kingine, anapima ulaini wa kofia kwa vidole, anaangalia uso wa plastiki jinsi unavyopokea mwanga. Ushahidi unapokubaliana kutoka pande nyingi, ndipo anasema neno lake.

Mkono wa tatu una sura nyingine pia. Kuna anayepaka upya pua iliyokwanguka. Kuna anayetumia haidrojeni peroksaidi na mwanga mkali kuirudishia weupe sanamu iliyopiga umanjano, kama ya Stormtrooper, askari wa mavazi meupe katika filamu hizo. Weupe hurudi, lakini umanjano nao unaweza kurudi, na plastiki imeshaguswa. Simshtaki anayefanya hivyo kwa kitu chake. Namdai jambo moja tu, kwamba aseme. Rangi iliyopakwa juu ya rangi hutambulika, kwa sababu hutuama ndani ya mifereji ya manyoya na kuijaza, na palipokuwa na mistari miwili mikali pakabaki mmoja butu. Mchongaji na mpakaji wamekutana mahali pamoja, na lenzi ikawatenganisha.

Wapo wanaoamini kwamba kazi yote hii imekwisha kufanywa na mashirika ya kutoa madaraja, kama Action Figure Authority, ambalo hutoa alama kwa kipimo kinachoishia 100 na kuifunga sanamu ndani ya kisanduku cha akriliki. Alama hizo zina manufaa: zimewapa watu walio mbali lugha moja ya kuuziana. Vilevile sanamu zilizobaki kwenye kadi zake za kuuzia zina mambo yake ya kuangaliwa, kama kona za kadi, umanjano wa kiputo cha plastiki, tundu la kuning'inizia dukani, na idadi ya sanamu zilizochapishwa nyuma, ambayo ilianza na 12 mwaka 1978 na kufika 79 katika siku za Return of the Jedi. Lakini namba haielezi. Sanamu mbili zinaweza kupata alama sawa, moja kwa sababu ilichezewa kidogo, nyingine kwa sababu ilitoka kiwandani na rangi iliyokosewa. Maelezo yanayozitenganisha huandikwa na mtu aliyetazama.

Na mtazamaji mzuri huleta mezani zaidi ya lenzi. Katika filamu hiyohiyo yumo rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb, ambaye sanamu yake Kenner ilianza kuitoa mwaka 1983 kwa watoto waliotuma vithibitisho vya ununuzi kwa posta. Sauti yake katika filamu ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, na baadhi ya maneno aliyoyasema ni ya Kikuyu. Watazamaji wa Kenya wanaojua lugha hiyo waliyaelewa yale ambayo kwa wengine yalikuwa lugha ya sayari ya mbali. Hakuna alama yoyote ya jambo hilo kwenye plastiki, na halitaongeza pointi hata moja kwenye daraja. Bado naamini tathmini inayolijua ni kamili kuliko isiyolijua. Kitu hupimwa pamoja na kazi iliyokizaa, na anayeijua kazi hiyo huona mengi zaidi kwa kuangalia palepale wengine wanapoangalia.

Ndiyo maana nausifu ustadi huu bila kusita. Unamfundisha mtu kutofautisha kilichochongwa na kilichochakaa, kilichochakaa na kilichoghushiwa, na kusema kila kimoja kwa jina lake hata pale ukweli unapompunguzia faida. Bei ya Wicket itapanda filamu mpya ikitoka na kushuka watu wakichoka, na hakuna mtathmini mwenye mamlaka juu ya hilo. Mamlaka yake yako kwenye maelezo. Akiandika kwamba pua imepakwa upya, kwamba mkuki ni nakala, kwamba manyoya ya bega yamechongwa kwa mkono ulioujua mwili, atakayeinunua sanamu hiyo baada ya miaka ishirini atayakuta maneno hayo yakiwa kweli bado, na ataweza kuyahakiki kwa macho yake mwenyewe. Kazi inayomwachia mtu asiyekujua uwezo wa kukuhakiki ni kazi ya uaminifu, iwe juu ya almasi au juu ya Ewok.