Namna ya kumjua fundi wa BIOS Lubumbashi

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani za Latitude, ThinkPad na EliteBook wanazipeleka kwa fundi wakitaka Windows 11 au Linux. Nyingi zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya, zikafika kwetu kupitia Dubai na Kasumbalesa. Bado zina nguvu. Shida huanza mfumo mpya unapokutana na programu dhibiti ya zamani, yaani BIOS, ile iliyomo ndani ya chipu ndogo ya bodi na inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Skrini inakuwa nyeusi, inatoa maandishi meupe, basi. Mafundi wapo tele, mjini kati hadi mitaa ya Katuba na Kenya. Aliye bora ninamtambua kwa yale anayoyafanya kabla hajaandika chochote kwenye chipu hiyo.

Mtazame kwanza anavyosoma. Fundi wa kweli hupiga picha ya kosa kwa simu, akaandika modeli na toleo la BIOS, ndipo aseme neno. Linux ikiwaka kwenye mashini kuukuu, ni kawaida kuona mstari wa ACPI BIOS Error. Mara nyingi hauna madhara: mtengenezaji aliandika majedwali yake ovyo, na Linux inanung'unika tu. Debian au Ubuntu ikisasishwa inaweza pia kuonya kwamba huenda faili fulani za i915 hazipo, kumbe zinahusu chipu za picha ambazo mashini yako haina kabisa. Anayetaka kukutoza dola ili aifute mistari hiyo, mkimbie. Lakini iwlwifi, kiendeshi cha WiFi, ikikosa faili yake, hapo kuna kazi, maana WiFi haitawaka. Fundi mzuri anajua pia kwamba Debian iliyotangulia toleo la 12, la Juni 2023, haikuweka faili za namna hiyo kwenye diski yake ya kawaida ya kusakinishia.

Kisha saa. Ndani ya mashini nyingi za zamani mna betri bapa ya CR2032, yenye nyaya mbili na plagi ndogo. Ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na mara nyingine mipangilio inarudi ya kiwandani: mashini iliyokuwa ikiwaka kwa UEFI inajaribu kuwaka kwa njia ya kale, na mfumo mpya hauonekani. Tarehe mbovu huifanya intaneti ikatae vyeti, na usakinishaji unakwama. Fundi asiye na subira ataandika BIOS upya. Mwenye akili atabadilisha betri ya bei ndogo na kukurudishia mashini yako.

Jambo kubwa kwa mji wetu ni umeme. Kuandika BIOS ni kazi ya dakika chache, ila SNEL, shirika la umeme, ikikata katikati, mashini inaweza isiwake tena. Kwa hiyo tazama kama fundi anapima betri ya mashini yako: anafungua ripoti yake, analinganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Betri ikiwa imechoka, atafanyia kazi kwenye inveta yenye betri ya akiba, au atakwambia urudi na betri nyingine. Programu za kusasisha za watengenezaji wengi hukataa kuanza bila chaja na betri yenye chaji. Zipo amri za kulazimisha. Kuzitumia ovyo ni uzembe, hata kama anayezitumia anaitwa mtaalamu mtaa mzima. Akuulize pia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ulinzi huo usiposimamishwa kwanza, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na wewe huna.

Fundi wa daraja la juu utamjua kwa klipu. BIOS ikiwa imekufa kabisa, anatoa chaja na betri, anabana klipu kwenye miguu minane ya chipu, anaiunganisha na CH341A, kifaa cha kusomea na kuandikia chipu, halafu anasoma. Anasoma tena. Faili mbili zikitofautiana hata kidogo, klipu haijakaa vizuri, na haandiki kitu. Anasoma pia jina la chipu kwa lenzi, kwa sababu nyingi hutaka volti 3.3 na nyingine 1.8 tu, ilhali baadhi ya CH341A nyeusi za bei rahisi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data.

Kusoma huko kabla ya kuandika ndiyo ufundi wenyewe. Ndani ya chipu mna namba ya mashini, mara nyingi anwani ya mtandao, pengine hata leseni ya Windows. Anayepachika faili ya mashini nyingine ya modeli hiyohiyo atakuwashia skrini na utafurahi, kumbe unabeba utambulisho wa kompyuta ya mtu mwingine.

Tena makosa si ya mafundi peke yao. Desemba 2017 Canonical, kampuni ya Ubuntu, iliondoa Ubuntu 17.10 kwenye upakuaji, kwa kuwa kiendeshi kimoja cha Intel kilikuwa kinaharibu BIOS za baadhi ya Lenovo.

Dokezo kwa wenye kibodi za AZERTY: baadhi ya BIOS husoma vitufe kama vya QWERTY, A ikawa Q. Neno la siri la BIOS likikataliwa, lijaribu hivyo kwanza.

Fundi akimaliza, mpe flashi yako akuwekee nakala ya chipu kama ilivyokuwa kabla hajaigusa. Mara nyingi ni megabaiti 8 au 16 tu. Akisema hakuichukua, usimpelekee mashini ya pili.