Mtungaji, Nduguze na Kitabu Chake

Mtungaji aliyekataliwa na watoa vitabu hana budi kuchagua moja katika njia mbili: kuufungia mswada wake sandukuni, au kuupiga chapa mwenyewe kwa fedha yake na kwa jasho la watu wa nyumbani kwake. Njia ya pili imesemwa vibaya mara nyingi katika vyumba vya kufundishia fasihi, kana kwamba kitabu ambacho mtungaji amejitolea mwenyewe kimeingia ulimwenguni kwa mlango wa nyuma. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mtu akiziondoa katika rafu za Kiswahili kazi zote zilizotoka kwa njia hii, ataondoa fungu kubwa la riwaya za upelelezi na, jambo lililo zito zaidi, ataondoa kitabu ambacho historia ya insha ya Kiswahili haiwezi kuandikwa bila ya kukitaja.

Kitabu hicho ni Insha na Mashairi cha Shaaban Robert. Alipokitoa hakuwa mtu asiyejulikana. Nelson walikuwa wamekwisha kutoa Kusadikika mwaka 1951, Macmillan Adili na Nduguze mwaka 1952, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilikuwa kimempigia chapa Pambo la Lugha na Marudi Mema. Walakini, miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea ukingoni, mtungaji huyuhuyu alifungua shirika lake mwenyewe mjini Tanga, akaliita Art and Literature, na katika shirika hilo vikatoka Insha na Mashairi, Masomo Yenye Adili na Almasi za Afrika.

Aulizwapo mtu sababu, jibu lililo karibu ni fedha. Jibu hilo lina kweli yake, maana watungaji wa Kiafrika wa zama zile hawakutajirishwa na watoa vitabu wa ng'ambo. Illa vitabu vyenyewe vinatoa jibu jingine, na mhakiki yampasa asikilize vitabu kabla ya kusikiliza hesabu. Nyumba za ng'ambo ziliuza zaidi shuleni. Zilitaka hadithi yenye mwanzo na mwisho, ambayo mwalimu aweza kuitungia maswali, au mashairi yaliyopangwa kwa namna ya mfululizo wao. Insha na Mashairi si hili wala lile. Ni mjazo na tungo zikikaa chini ya dari moja. Fikira inaanza katika nathari, inaachwa, kisha inaokotwa katika shairi, wala hakuna anayeikumbusha kwamba zamu yake imekwisha. Kitabu cha namna hiyo hakikuwa na darasa la kukipokea. Insha ya Kiswahili, kama utungo unaosimama kwa miguu yake na si zoezi la mwanafunzi, ilihitaji nyumba isiyouliza kitabu kitasomwa katika darasa la ngapi, na nyumba hiyo mtungaji aliijenga mwenyewe.

Uhuru huo ulikuwa na gharama yake, na si adabu kwa mhakiki kuificha kwa heshima ya marehemu. Katika Kusadikika, Karama anasimama mbele ya baraza na kusimulia habari za wajumbe sita. Hata pale ambapo msomaji anahisi kwamba safari moja inafanana mno na nyingine, kuna kamba ya shauri inayomvuta mpaka hukumu. Katika vitabu vya Tanga kamba hiyo mara nyingi imelegea. Nasaha iliyokwisha kutolewa inarudi imevaa kanzu nyingine, na punje zimekaa pamoja na kapi. Mhariri mkali angalifuta theluthi moja. Labda angalifuta pamoja nayo zile insha zenyewe, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo: mkono unaojua kupunguza ndio uleule ambao katika zama zile haukuwa na hamu ya kitu hicho.

Basi nani aliyeweza kumwambia Shaaban Robert kwamba hapa amekosea? Ndugu wa nyumbani ndio waliokuwa wasomaji wake wa kwanza, tena katika maana iliyo nzito kuliko kawaida. Ndani ya Maisha Yangu mna shairi la kumwomboleza mkewe Amina, mna Utenzi wa Hati aliomtungia binti yake, na mna Utenzi wa Adili aliomtungia mwanawe wa kiume. Jamaa ndio walioandikiwa, na mtu aliyeandikiwa wasia na babaye hakai kitako kuukosoa vina vyake. Mapenzi ya aina hiyo yanamfaa mtungaji kwa mengi, lakini hayamfai kwa uhakiki.

Yuko mmoja aliye tofauti kidogo. Mdogo wake, Yusuf Ulenge, alikuwa mtungaji pia. Hadithi zake za Nguzo ya Maji zilipata wasomaji wake. Kwa miaka mingi Shaaban Robert alimwandikia barua, na barua hizo, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi, zilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002 kwa jina la Barua za Shaaban Robert, 1931–1958. Hapana haja ya kudai kwamba Yusuf alishika daftari za shirika la Tanga au kwamba alisahihisha chapa. Alifanya kazi ambayo hakuna mtoa vitabu yeyote aliyeifanya: alipokea karatasi za nduguye kwa muda wa miaka ishirini na saba, akazitunza. Hapo mwandishi anaonekana bila ya joho la mwalimu wa adili, mtu mwenye kazi ya serikali, miswada na familia. Wanafunzi wanaomwona Shaaban Robert kuwa sanamu la hekima wangefaidika kwa kuzisoma barua hizi kabla ya kusoma mashairi.

Sehemu hii ya kazi ya ndugu, yaani kuhifadhi, haitajwi na wale wanaoandika juu ya biashara ya vitabu. Hutaja mtaji na mashine. Lakini shirika la mtungaji hufa pamoja na mtungaji, na kinachobaki hutegemea nani nyumbani ameona karatasi zile kuwa mali. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Baadaye Nelson walikusanya kazi zake katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban, na vitabu vya Tanga vikapata humo maisha ya pili.

Mfano wa Uingereza waweza kulinganishwa na huu kwa faida. Mwaka 1917 Leonard Woolf na mkewe Virginia walinunua mashine ndogo ya mkono, wakaiweka nyumbani kwao Richmond, wakaanza kupiga chapa vitabu kwa jina la Hogarth Press. Riwaya mbili za kwanza za Virginia zilikuwa zimetolewa na Gerald Duckworth, naye alikuwa ndugu yake wa mama mmoja. Kwa hiyo aliuacha mkono wa jamaa mmoja ili aingie katika nyumba ya jamaa mwingine. Tangu Jacob's Room ya mwaka 1922 alikuwa huru kuandika apendavyo. Tofauti ni kwamba Leonard alikuwa msomaji wa kwanza wa miswada yake, na mkewe aliingojea hukumu yake kwa hofu. Tena nyumba ile ilitoa vitabu vya watu wengine. Anayepima maneno ya wageni kila siku huzoesha jicho lake, na jicho hilo hulirudisha nyumbani.

Hapa Tanzania njia ya Tanga ilifuatwa tena na kizazi kingine kwa sababu nyingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashirika makubwa ya vitabu yalielekeza macho shuleni na katika ujenzi wa taifa; riwaya ya upelelezi ilionekana kuwa upuuzi wa mjini. Elvis Musiba alikuwa na Continental Publishers. Ben Mtobwa, aliyezaliwa Kigoma mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, alikuwa na Heko Publishers, na humo mwaka 1990 ikatoka Dar es Salaam Usiku. Riwaya hiyo haimwombi msomaji radhi. Inaliingia jiji kwa upande wake wa giza, inawatazama wanawake wanaouza miili na wanaume wanaowanunua, na mwendo wa sentensi zake ni mwepesi kuliko wa riwaya nyingi zilizosifiwa darasani. Wahakiki waliokuja baadaye na kuona kwamba lugha yake imejaa uhai wangefanya vema kukumbuka kwamba hakuomba idhini ya kamati yoyote. Na kwa upande wa pili wa mizani, riwaya za kundi hili kwa jumla zina miisho ya haraka, kana kwamba karatasi ilikuwa ikikwisha. Na katika miaka ile pengine ilikuwa ikikwisha kweli. Baadhi ya riwaya za Mtobwa zilitolewa tena Nairobi na East African Educational Publishers, na Dar es Salaam Usiku ikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1999. Kwa hiyo mgeni alikuja, ingawa alichelewa.

Kutajwa kwa Kigoma kunaleta swali ambalo Tanga na Dar es Salaam haziwezi kulijibu, maana hizo ni bandari na miji. Na tuchukue Kasanda, katika nyanda za juu za nchi ya Waha, upande wa Kibondo. Huko watu wa nyumba moja hulima mahindi, maharagwe na mihogo pamoja, wala hakuna aandikaye mshahara wa ndugu katika daftari. Mwalimu wa huko akitaka kutoa kitabu, mtaji wa kwanza ni mavuno hayohayo. Kitabu kitapigwa chapa mbali. Reli yenyewe, itokayo Dar es Salaam na kukoma Kigoma baada ya kilomita 1,250 hivi, haipiti Kibondo, na mafurushi yatapanda basi. Kaka atauza shuleni, dada kanisani, binamu sokoni. Furushi la kwanza litakwisha upesi, ingawa nusu yake itakwenda bure, kwa kuwa mjomba haombwi fedha kwa kitabu kilichoandikwa na mpwa wake. Furushi la pili litapewa wenye maduka kwa mali kauli. La tatu ndilo litakalokutana na mchwa.

Upungufu huo si wa juhudi. Miguu ya jamaa ina mwisho wake, na kitabu kinataka kufika pale ambapo jina la ukoo halijulikani. Watoa vitabu wa Afrika walilitambua hilo walipounda African Books Collective mwaka 1989, ili wauze pamoja ng'ambo walichoshindwa kuuza kila mtu peke yake. Mmoja wao alikuwa Walter Bgoya, ambaye mwaka 1991 alianzisha Mkuki na Nyota mjini Dar es Salaam, nyumba ambayo mwanawe, Mkuki Bgoya, amekuja kushika uongozi wake. Hiyo ni nyumba ya baba na mwana, lakini kazi inayotolewa ni ya wengine, na miongoni mwa hao wengine yumo Shaaban Robert.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo nyumba ya Dar es Salaam hailiwezi na ya Kasanda yaliweza. Vitendawili, methali na masimulizi ya Kiha havina soko la kumvutia mwenye duka wa mjini. Mwenye kuvikusanya kwa wazee, akaviweka kwa Kiha ukurasa mmoja na kwa Kiswahili ukurasa wa pili, hatapata mtu wa kuvipiga chapa ila wale waliovisikia pamoja naye jikoni kwa bibi. Na kwa kitabu cha namna hiyo wao ndio pia wahariri walio wakali kupita wote, kwa kuwa bibi akiona kitendawili kimeandikwa vibaya hatanyamaza kwa sababu mwandishi ni mjukuu wake.