Mtumishi na Aliyemtuma: Lugha ya Mafunzo ya Uongozi katika Utumishi wa Umma

Mafunzo ya uongozi wa kazi kwa watumishi wa umma yamezoeleka kupimwa kwa hesabu: wamepelekwa watumishi wangapi, kwa majuma mangapi, kwa fedha kiasi gani. Hivyo ni vipimo vya mhasibu, navyo vina mahali pake. Makala haya yanakusudia kuyatazama mafunzo hayo kwa jicho jingine, yaani kama sehemu ya utamaduni wa taifa. Kila kozi ina maneno yake, ina adabu zake, na ina hadithi yake ya nani mkubwa na nani mdogo. Mtumishi arudipo kituoni hurudi na hayo yote. Kwa hiyo makabrasha ya kozi yanastahili kusomwa kama tusomavyo tamthilia au shairi: nani anasema, anamwambia nani, na ni neno gani limewekwa mahali pasipo pake.

Huenda msomaji akashangaa kuona mtunga mashairi akijiingiza katika mambo ya ofisi. Kazi hizi mbili hazigombani kama watu wanavyodhani. Shaaban Robert alianza maisha ya kazi akiwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, na mwaka 1951 alichapisha Kusadikika, kitabu ambacho kwa maoni yangu ni uchambuzi bora wa utawala kuliko mengi yaliyoandikwa na wataalamu wa utawala. Nitakirudia kitabu hicho baadaye.

Nchi yetu haikuanza jana kuwafundisha watumishi wake. Chuo cha Mzumbe kilianzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya watendaji wa serikali za mitaa za wakati ule. Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961, na Chuo cha Ushirika cha Moshi mwaka 1963. Mwaka 1972 Mzumbe ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, nayo ikawa Chuo Kikuu mwaka 2001. Mwaka 2000 kikaundwa Chuo cha Utumishi wa Umma. Orodha hii ni ya kujivunia, wala sikusudii kuibeza.

Lakini tuangalie maneno yaliyotumika. Miaka ya 1970 tulisema uongozi wa maendeleo na usimamizi wa fedha. Kuongoza ni kutangulia njiani pamoja na wenzako; kusimamia ni kusimama karibu na kazi mpaka iishe. Ndani ya maneno hayo mna mtu, mna miguu, mna njia. Ilipofika mwaka 1999 tulikuwa na Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma. Sina ugomvi na neno la kukopa, kwani Kiswahili kimekopa tangu enzi za majahazi na hakikufilisika. Hata hivyo menejimenti ni neno lisilo na kitenzi. Mwalimu hawezi kumwambia kijana aende akamenejimenti. Neno la kazi lisiloweza kutendwa ni neno la kutiliwa shaka.

Neno ninalotaka kulijadili kwa urefu, hata hivyo, si hilo. Ni neno mteja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wizara, idara na halmashauri zetu zimeandika Mikataba ya Huduma kwa Mteja na kuibandika kutani, na watumishi wamefundishwa namna ya kumpokea mteja, kumsikiliza mteja, kumridhisha mteja. Nia ilikuwa njema. Mtumishi aliyezoea kumfokea mzee dirishani alitakiwa ajifunze adabu, na wapo walioishika. Lakini je, huyo anayekuja dirishani ni mteja kweli?

Ili tulipime neno hili, na tulipeleke mahali linapofanya kazi yake halisi. Kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, katika Wilaya ya Hai, lipo soko la Kwa Sadala. Kina mama huteremsha ndizi kutoka Machame na Masama: mshare za kupikia mtori, kisukari za kuiva, na nyinginezo. Mteja wa Kwa Sadala hupita kati ya mafungu bila haraka. Anainua mkungu, anauliza bei, anaguna. Mwenye mali akikaza, mteja anaondoka, naye huitwa kabla hajafika fungu la tatu: "Rudi baba, tuongee." Nguvu yote ya mteja imo miguuni mwake. Anaheshimiwa kwa sababu anaweza kwenda kwa mwingine.

Sasa tumchukue mama huyohuyo aliyekuwa akiuza ndizi. Mume wake amefariki, na anataka hati zinazohusu mirathi na kihamba chao, maana shemeji zake wameanza kusogeza mpaka. Anapanda gari asubuhi kwenda ofisi ya umma. Dirishani anaambiwa faili halionekani, au mtandao hauko vizuri, aje kesho. Atakwenda kwa nani mwingine? Hakuna serikali ya pili katika fungu la pili. Nauli ya kwenda na kurudi imekula mkungu mmoja wa ndizi, na kesho itakula mwingine, na huko nyumbani mpaka unasogea. Kumwita mama huyu mteja ni kumpa jina la mwenye nguvu huku tukijua kwamba nguvu hiyo hana. Na katika Kiswahili chetu cha siku zote yupo pia mteja wa mganga, ambaye hukaa kimya na wala haulizi kilichomo chunguni. Nahofia kwamba ofisi nyingi, ziliposikia neno mteja, zilimfikiria huyu wa pili.

Jambo la kushangaza ni kwamba hata huko tulikoiga hawakusema hivyo. Mikataba ya namna hii ilipata umaarufu kutoka Uingereza, ambako serikali ya John Major ilitangaza mwaka 1991 hati iliyoitwa kwa lugha yao Mkataba wa Raia. Hati yenyewe ilikosolewa sana huko kwao kwa kumtazama raia kama mnunuzi, lakini angalau jina la raia lilibaki juu ya karatasi. Ilipotua kwetu, raia akawa amepotea njiani, akashuka mteja. Nasi tulikuwa na neno zuri kuliko la Waingereza: mwananchi, mwana wa nchi, mtu ambaye hawezi kufukuzwa nyumbani kwa sababu ni kwao.

Upande wa pili wa dirisha tumekuwa na jina sahihi muda wote, nalo ni mtumishi. Neno hili limo katika jamii moja na kutuma na kutumika. Mtumishi hutumwa. Hana mteja, ana aliyemtuma. Mwenye duka hakutumwa na mnunuzi wake, wala hawajibiki kumweleza mahesabu ya duka. Mtumishi wa umma ametumwa na huyo mama, kwa kodi yake na kwa kura yake, na anawajibika kurudisha majibu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi na uonevu wa viongozi kwa msingi huohuo. Kozi inayomfundisha karani kutabasamu, bila kumfundisha kurudisha majibu kwa aliyemtuma, imemfundisha kazi ya dukani.

Hapa ndipo lugha ya kufundishia inapoingia. Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Lakini mafunzo mengi ya uongozi yameendelea kutolewa kwa Kiingereza, au kwa mseto ambao si Kiingereza wala Kiswahili. Taasisi ya Arusha inayohudumia nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika ina udhuru wake. Kozi ya Watanzania watupu, inayofundishwa na Mtanzania, kwa kazi ya kuwahudumia Watanzania, haina. Mtumishi hurudi na maneno ambayo hawezi kuyatumia dirishani. Amejifunza jambo, huenda jambo zuri, lakini hakujifunza kulieleza. Kuanzia mwaka 2004, kwa mfano, watumishi walijaza fomu za mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, na wengi waliuita kwa herufi zake za Kiingereza, OPRAS, kama jina la dawa. Neno muhimu katika mfumo ule lilikuwa wazi, nalo ndilo lililofunikwa na zile herufi.

Narudi sasa kwa Kusadikika. Wanafunzi wanaokumbuka kitabu hicho watakumbuka wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao. Waliorudi na maarifa waliishia kifungoni. Mara nyingi kitabu hiki husomwa kama mashtaka dhidi ya ukoloni, na hivyo ni sawa. Lakini kinaweza pia kusomwa na kila mtumishi aliyerudi kutoka kozi akamkuta mkuu wake asiyetaka chochote kibadilike. Sisi pia tumetuma wajumbe. Mwaka 1972, wakati wa Madaraka Mikoani, Serikali iliwatumia washauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani. Baadaye tukachukua mikataba ya Uingereza. Mwaka 2013 tulileta kutoka Malaysia mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, pamoja na maabara zake ambamo wataalamu walikaa kwa majuma kadhaa wakipanga. Tofauti yetu na Kusadikika ni kwamba hatuwafungi wajumbe. Tunawalipa posho, kisha tunayafunga mafunzo yao kabatini.

Na katika safari zote hizo, ni mara chache mtu alitumwa kupanda mlima akaangalie mfongo. Msomaji wa mbali aelewe kwamba mfongo ni mfereji unaochukua maji mtoni, juu karibu na msitu, ukayapitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba. Wachaga walikuwa na mifongo mingi kabla ya Wajerumani kufika. Kila nyumba inayonywa maji hayo ina zamu yake, na hutoa mtu wa kufanya kazi ukingo unapobomoka. Asiyetokea hutozwa faini. Mzee wa mfongo si mwenye maji. Ametumwa na wanaoyatumia, na kazi yake hupimwa siku hiyohiyo, kwani maji ama yamefika ama hayakufika. Sitaki kuipamba desturi hii kupita kiasi. Kimila wanawake hawakuwa na sauti katika mambo ya mfongo, ingawa waliyahitaji maji hayo kuliko wanaume.

Ushirika wa kahawa ulikuwa chuo kingine. Chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro cha mwaka 1925, ambacho Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake, kilifuatwa mwaka 1933 na KNCU. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, kazi yao ikachukuliwa na mamlaka za mazao. Wataalamu waliofunzwa hawakukosekana katika mamlaka hizo. Lakini mamlaka haikuwa na mkutano mkuu wa wanachama, kwa kuwa haikuwa na wanachama; mkulima hakuwa na pa kusimama akauliza. Sheria ya mwaka 1982 iliurudisha ushirika, nao ukarudi umechoka.

Mfano wa tatu ndio mgumu zaidi. Mwaka 1991 iliundwa ofisi ya maji ya Bonde la Mto Pangani, na wenye mifongo wakatakiwa wawe na haki ya maji kisheria na walipe ada. Wengi walikataa: mfereji ulichimbwa na babu, maji ni ya Mungu. Maofisa nao walikuwa na hoja nzito, kwa sababu maji hayohayo yanasubiriwa na wakulima wa tambarare na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu. Hapa palihitajika mtumishi awezaye kuueleza mto mzima kwa mtu anayeujua mfereji mmoja, na kumsikiliza huyo anayeujua mfereji mmoja kuliko ofisi nzima inavyoujua. Mazungumzo mengi yalikwama kwenye ada. Mambo haya matatu, yaani mfongo, chama na bonde, yangeandikwa kwa Kiswahili safi na kuwekwa mbele ya wanafunzi wa uongozi pamoja na hesabu zake na makosa yake, wangebishana kwa siku tatu bila kuhitaji mgeni wa kuwachangamsha.

Walimu wanaweza kuanza bila kusubiri vyuo. Wapeleke wanafunzi wao kwenye ofisi ya kata, wanakili mkataba wa huduma uliobandikwa hapo, kisha darasani wafute kila neno mteja na kuandika mwananchi, na kila neno mtoa huduma waandike mtumishi. Halafu waisome kwa sauti na kuuliza ni sentensi zipi zimebaki kweli, na zipi sasa zinadai jambo ambalo ofisi hiyo haijawahi kuahidi.