Maganda ya vitunguu kwenye marekani: rangi inavyoshikishwa

Mchuzi wenye manjano ukidondokea kanzu nyeupe, doa hugeuka jekundu mara tu linapoguswa na sabuni, na kanzu ikianikwa juani siku kadhaa, hufifia lenyewe. Kila dobi analijua hilo. Manjano hushika pamba upesi bila kusaidiwa na kitu, ila jua huyala. Kwa sababu hiyo niliyaacha, nikachukua maganda makavu ya vitunguu maji ambayo wauzaji sokoni huyafagia na kuyatupa.

Kitambaa kilikuwa marekani, pamba tupu isiyopaushwa. Ikiwa mpya huwa na wanga na nta, maji yakateleza juu yake. Niliichemsha na magadi kidogo kwa saa moja, maji yakatoka rangi ya chai. Wengi huiruka hatua hii, kisha rangi ikitoka mabakamabaka mmea ndio unaolaumiwa.

Kazi kubwa inafuata hapo. Shabu, hiyo hiyo ya vinyozi, ina alumini inayojifunga kwenye uzi upande mmoja na kwenye rangi upande wa pili. Sufu na hariri, kwa kuwa ni protini, huipokea bila shida. Pamba huipokea kwa shingo upande mpaka itangulizwe tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi ukitafuna ganda la komamanga. Basi kitambaa kililala usiku kucha katika maji ya maganda ya komamanga yaliyochemshwa, kisha kikaingia kwenye shabu iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Gome la mkoko nalo lina tanini tele, lakini sioni sababu ya kuubandua mti unaoulinda ufuo wetu wakati komamanga linatosha.

Maganda ya vitunguu, uzito sawa na kitambaa, yalichemka saa moja katika sufuria ya stili isiyorudi tena jikoni, yakachujwa. Vipande vitatu viliingia humo pamoja. Kisichoandaliwa kilitoka na rangi ya mchanga. Chenye tanini na shabu kilitoka dhahabu iliyokolea. Cha tatu, kilichoandaliwa kama cha pili, nilikichovya mwishoni katika maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki. Kiligeuka nikikitazama: dhahabu ikapata ukijani kuanzia pindoni, ukijani ukakolea, na kabla sijakikamua kilikuwa kahawia ya kuelekea nyeusi. Chuma kilikuwa kimeikuta tanini ya komamanga, na vitu hivyo viwili vikikutana huzaa weusi. Mafundi wa bogolanfini nchini Mali huutegemea mkutano huo: kitambaa hutiwa kwanza maji ya majani yenye tanini, halafu huchorwa kwa matope yenye chuma.

Nusu ya kila kipande niliifunika kwa kadibodi, nusu nikaiachia jua la dirishani. Kile cha mchanga kilipauka kabisa, cha dhahabu kikapungua kiasi, cha chuma hakikubadilika sana. Lakini chuma kina gharama yake, kwani kikibaki kingi hula nyuzi, na kitambaa huja kuchanika kwenye mikunjo. Dakika chache zinatosha, kisha kisuuzwe mpaka maji yawe meupe.