Kuutoa mchoro wa chombo kwenye lipu ya Kilwa

Kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani kuna vyombo vya baharini vilivyochanjwa kwa ncha kali juu ya lipu ya chokaa. Peter na Margaret Garlake walichapisha nakala za michoro ya aina hiyo kutoka pwani yetu mwaka 1964. Leo mtu anapiga picha kwa simu, akiifungua nyumbani haoni ila ukuta mweupe. Mchoro umo ndani ya faili. Kilichobaki ni kuzigawa upya namba zake.

Picha ya JPEG hupima mwangaza kwa ngazi 256: 0 ni weusi, 255 ni weupe. Tuseme lipu yote imeangukia kati ya 180 na 210, na mchanjo umepishana na lipu inayouzunguka kwa ngazi 4 tu. Jicho haliukamati. Kuongeza au kupunguza mwangaza peke yake hakusaidii, kwa kuwa namba zote zinahama pamoja. Dawa ni kuzitanua: toa 180 kwenye kila namba, gawanya kwa 30, zidisha kwa 255. Zile ngazi 4 zinakuwa 34, na mlingoti unajitokeza.

Wengi hukwama hapa. Wanabonyeza kitufe cha marekebisho ya moja kwa moja, picha inabaki vilevile. Ukitazama vizuri, pembeni kuna mlango wenye giza na juu kipande cha anga. Programu imekuta weusi na weupe vimo tayari, haina cha kutanua. Kata picha ibaki lipu tupu, ndipo upange mipaka miwili, wa chini (hapa 180) na wa juu (hapa 210).

Kutanua hakuzai taarifa mpya. Zile ngazi 31, kuanzia 180 hadi 210, hubaki 31, zimeachana tu, na picha huanza kuonyesha mabaka. Afadhali faili ghafi ya kamera (RAW): ile ya biti 14 ina ngazi 16,384. Bora zaidi ni mwanga wenyewe. Tochi ikishikwa ubavuni, karibu kabisa na ukuta, kila mchanjo hutia kivuli ambacho programu haiwezi kukibuni.

Ninachokihofia ni kuzidisha. Kuvu la ukutani likitanuliwa hugeuka kamba ya tanga, na mtafiti akaiamini. Kwa hiyo picha iliyorekebishwa itolewe pamoja na ya asili na ile mipaka miwili. Tena ipigwe mara ya pili, tochi ikiwa upande wa pili: kivuli cha mchanjo kitahamia ukingo mwingine, doa la kuvu litabaki palepale.