Maji ya Siku ya Kwanza: Njia ya Machame Vuli Inapoingia

Anayejiandaa kupanda Kilimanjaro mwezi Novemba huulizia kilele kwanza: theluji imeshuka hadi wapi, baridi ikoje, upepo unavuma kiasi gani. Ana haki ya kuuliza, ila macho yake yako mbali mno. Katika majira haya usiku wa kilele huharibikia msituni, siku kadhaa kabla, pale mgeni anapolowa akiwa bado ana nguvu na furaha tele, asijue kuwa kuna lililompata. Nilifuatana na kundi la wafanyakazi wa ofisini kutoka Dar es Salaam waliopanda kwa njia ya Machame katikati ya Novemba, na hapa nataka kuchambua jinsi kiongozi wao mkuu alivyoiendesha safari ile. Alifanya mambo ambayo machoni pa wengi yalionekana kama kuchelewesha watu, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyowafikisha kilele cha Uhuru.

Kwanza, njia yenyewe. Machame hupanda kutokea kusini-magharibi, na msitu wa upande wa kusini ndio unaokunywa mvua nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mlima. Kwenye ukanda wa mita 2,000 hivi mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, wakati kileleni haifiki hata robo ya kiasi hicho. Upande wa kaskazini, wenye njia ya Rongai inayoanzia Nalemoru karibu na mpaka wa Kenya, ni mkavu zaidi kwa sababu mlima umeukinga. Mtu makini atauliza: basi kwa nini vuli yote hii mtu apite Machame? Jibu la kiongozi lilikuwa kuzoea hewa. Machame humpandisha mgeni hadi Mnara wa Lava, karibu mita 4,600, kisha humshusha kulala kambi ya Barranco, karibu mita 3,950, siku hiyo hiyo. Mwili hupata somo la hewa nyepesi na kulala mahali unapoweza kupumzika. Kwa watu waliozoea usawa wa bahari, alisema, afadhali unyevu unaoweza kuupangia kuliko kichwa kinachouma usichoweza kukipangia. Nakubaliana naye, lakini uamuzi huo una gharama, na gharama yake ni kwamba kila kitu katika safari lazima kipangwe kuzunguka maji.

Novemba ni mwezi wa mpito. Wiki chache tu kabla yake uoto wa juu ya msitu huwa umekauka hadi kuwaka: Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu, na Oktoba 2022 mwingine ukaanzia karibu na kambi ya Karanga. Kisha vuli inaingia, na vichaka vile vile vinadondosha maji mchana kutwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kila mwaka, na ni wajibu kuusoma, maana mwaka wa El Niño kama 2023 vuli haifanani na ya mwaka wa kawaida. Hata hivyo mwelekeo wa msimu haukuambii uondoke kambini saa ngapi. Hilo hufundishwa na mlima wenyewe. Usiku hewa baridi huteremka mabondeni na kilele hubaki wazi. Jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu wa msituni huanza kupanda, mawingu hufika kambini kuanzia saa nne au saa tano asubuhi, na mvua hushuka kuanzia adhuhuri. Jioni hutulia tena. Si sheria, ila hutokea mara nyingi kiasi kwamba kiongozi mzuri huipanga siku yake juu ya mwendo huo.

Sasa tuingie getini, karibu mita 1,800. Kiongozi alifungua mabegi ya wageni mbele yao. Suruali za jinzi aliziacha zibaki kwenye gari. Fulana za pamba aliziruhusu, lakini si za kutembelea. Kila mgeni alitakiwa kutenga seti moja ya nguo za kulalia, soksi za sufu zikiwamo, na kuifunga ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji, kisha mfuko huo ndani ya mwingine. Amri ilikuwa moja: seti ile haiguswi mpaka hema limesimama na mtu yumo ndani. Mfuko wa kulalia nao vivyo hivyo. Dada mmoja alilalamika kuwa mvua yenyewe haipo. Aliambiwa kwa upole, “Inakuja, mwanangu. Ikifika hatutakuwa na muda wa kufunga.”

Ilifika wakiwa katikati ya msitu. Hapa ndipo nilipoona ufundi wa kwanza. Kutoka getini hadi kambi ya Machame ni kama kilomita 11, na mtu hupanda zaidi ya mita 1,000. Msitu una joto. Anayejifunga koti la mvua hadi shingoni na kukazana hulowa kwa jasho, na jasho linalowesha nguo za ndani sawasawa na mvua. Kiongozi aliwafungulia zipu, akapunguza mwendo hadi mtu aweze kuzungumza bila kuhema, na akatoa miavuli. Naam, miavuli ya kawaida ya dukani. Msituni hakuna upepo wa kuipindua, inakinga kichwa na mabega, na koti linabaki wazi kupitisha hewa. Sijaona kifaa cha bei ghali kinachoshinda mwavuli katika sehemu ile ya njia.

Kwa nini kujali hivyo maji ya mahali penye joto? Kwa sababu joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na maji hupitisha joto la mwili zaidi ya mara 20 ya hewa. Soksi iliyolowa kwenye mita 2,000 ni kero tu. Soksi hiyo hiyo, kama haijakauka, kwenye mita 4,600 usiku ni kidole kisichohisi kitu. Na baridi haiumizi vidole peke yake. Huongeza shinikizo kwenye mishipa ya mapafu, ambayo tayari inaelemewa na hewa nyepesi, na kwa hiyo humsogeza mtu karibu na maji kujaa mapafuni, ugonjwa unaoua haraka mlimani. Tena hifadhini kuni haziruhusiwi. Mpishi ana gesi yake ya kupikia, basi. Hakuna moto wa kuanikia. Kilichobaki cha kukaushia ni joto la mwili na jua la asubuhi.

Jua hilo ndilo lililotawala mpango wa Shira. Kundi lilifika kambi ya Shira, karibu mita 3,800, likiwa na mavazi ya siku mbili yenye unyevu. Asubuhi ya tatu anga ilikuwa nyeupe, Mlima Meru unaonekana wote upande wa magharibi, na makundi mengine yakaondoka mapema kuwahi mawingu. Kiongozi wetu hakuondoka. Aliamuru kila kitu kitolewe nje: viatu vikafunguliwa ndimi, nyayo za ndani zikatolewa, mahema yakapinduliwa, mifuko ya kulalia ikatandazwa juu ya mawe meusi yaliyokwisha pata joto. Karibu saa mbili nzima watu walikaa wakianika. Hewa ya juu ni kavu na jua lake ni kali, kwa hiyo kitu kinachokaa siku nzima bila kukauka kule msituni hapa hukauka kabla chai haijaisha. Aliyahesabu masaa yale kama mtaji. Alijua atalipa kwa kukutana na mvua njiani mchana, akachagua kulowa koti la nje tu huku kila kilichomo begini kikiwa kikavu.

Alilipa kweli. Karibu na Mnara wa Lava ilianguka mvua ya mawe iliyochanganyika na theluji, na radi zikasikika upande wa kilele. Hapo pana uamuzi ambao viongozi hutofautiana juu yake, nami naona unastahili kuangaliwa kwa makini. Ipo njia ya chini inayokwenda Barranco bila kupitia mnarani, ile wanayoitumia wapagazi, wenyewe wakijiita wagumu. Ukipita huko unaepuka mvua ya mawe, lakini unapoteza kile hasa kilichokufanya uchague Machame, yaani mwili kuonja mita 4,600 kabla ya kulala chini. Kiongozi alingoja chini ya mwamba mpaka radi zikasogea mbali, akawapandisha hadi mnarani, akawaruhusu wasimame muda wa kunywa chai ya moto kutoka kwenye chupa, wakateremka. Chakula cha mchana kililiwa chini, kwenye bonde la senesio, miti ile ya ajabu inayovaa majani yake makavu shinani kama koti. Kukaa kula juu, kama ratiba ilivyosema, kungewapoza watu waliolowa. Kutopanda kabisa kungewanyima kuzoea hewa. Kama radi zingeendelea, nadhani angepita njia ya chini, na angekuwa sahihi vilevile, maana uwanda ule hauna pa kujificha.

Ukuta wa Barranco, wenye kimo cha mita 250 hivi, ulileta hesabu ya aina nyingine. Kiangazi, kila kundi hutaka kuuwahi alfajiri ili kukwepa foleni. Lakini ukuta unatazama magharibi, jua huchelewa kuufikia, na maji yaliyotiririka juu ya mwamba jioni huganda usiku kuwa kioo chembamba kisichoonekana. Ukiwahi sana unakanyaga barafu. Ukichelewa sana mawingu yanakukuta katikati ya mwamba na mvua inaanza upya. Wageni walikuwa wamekwisha vaa mabegi.

“Mzee, mbona wenzetu wanakwenda?”

“Waache waende. Mwamba ukishaacha kung’aa, tunaanza.”

Walianza karibu saa tatu, fimbo zimefungwa mabegini ili mikono yote miwili ishike jiwe, na mgeni mmoja kati ya kila wasaidizi wawili katika sehemu nyembamba. Waliokwenda mapema waliteleza mara kadhaa. Hakuna aliyeumia, lakini nguvu nyingi zilikwenda katika hofu.

Karanga napita haraka, ingawa ina jambo moja kubwa: baada ya bonde lake hakuna tena maji ya kuteka, na wagumu huyabeba kutoka hapo hadi kambi ya Barafu, karibu mita 4,650. Mchana wa Barafu theluji ilianguka na wageni wakakata tamaa. Kiongozi alifurahi, na sababu zake zilikuwa za kitaalamu. Mteremko wa kutoka Barafu hadi Stella Point, ukingoni mwa kreta, ni kokoto na changarawe ambazo mchana hurudi nyuma kila unapokanyaga. Zikiganda usiku hushikamana, na theluji kidogo iliyoganda juu yake humpa mtu ngazi, mradi anayetangulia ajue kupiga kidato kwa ncha ya kiatu na wanaofuata wakanyage pale pale. Aliyetangulia alikuwa msaidizi kijana mwenye meno ya chuma chini ya viatu, na vidato vyake vilikuwa vifupi, kwa kipimo cha mgeni mfupi kuliko wote. Waliondoka saa sita usiku chini ya anga iliyojaa nyota.

Kuhusu usiku wenyewe sina mengi. Kila mtu alivaa soksi zilizokauka Shira, na hilo ndilo lote ninalotaka msomaji akumbuke juu yake. Walifika Uhuru, mita 5,895, jua likiwa limechomoza. Kilichohitaji uamuzi ni kuondoka. Theluji mpya huakisi mwanga hadi kuunguza macho, kwa hiyo miwani myeusi ni ya lazima hata kwa mgumu asiyeletewa na mtu. Na ngazi iliyowapandisha usiku huyeyuka kuwa uji juu ya kokoto kuanzia saa tatu hivi. Kiongozi aliwapa muda wa picha, akawageuza. Walipita Stella Point wakiteremka theluji ikiwa bado inashika kisigino. Makundi yaliyofuata saa moja baadaye yalishuka kwa makalio.

Mweka, njia ya kushukia, ilikuwa tope tupu, na magoti yalilia kuliko siku zote.

Kuna sehemu moja ambayo mpango huu mzuri haukuifikia. Mizigo ya wagumu hupimwa getini, na kikomo ni kilo 20. Mizani hupima mzigo mkavu. Hema lililokunywa mvua ya msituni, turubai la hema la kulia, mabegi ya turubai na kamba zake, vyote huongezeka uzito njiani, na katika safari ile hakuna aliyevipima tena. Asubuhi ile ya Shira niliona vitu vya wageni vikipewa mawe yenye jua kwanza, na viatu vya wagumu vikisubiri kwenye kivuli. Wengine walikuwa wamevaa raba. Mjini Moshi upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, unaowaazima nguo za mlimani bila malipo, lakini kampuni yenye kuuza safari za vuli haifai kuacha jambo hilo kwa hisani ya watu wengine. Begi la kila mgumu liwe na mfuko usiopitisha maji kama la mgeni, liwe na seti ya kulalia iliyofungwa, na ukaguzi wa getini uiangalie seti hiyo kama unavyoangalia kilo. Na kuanzia Novemba hadi vuli iishe, mizani iwepo pia kambi ya Machame, mzigo upimwe ukiwa umelowa, na ziada igawiwe kwa mgumu mwingine aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo.